Ulinganishaji wa mapambo ya mbao kwenye magari ya zamani

Ulinganishaji wa mapambo ya mbao ni kazi ya kutafuta au kutengeneza kipande kipya kinachofanana na vile vilivyobaki kwenye gari la zamani kwa rangi, mistari na mng'ao. Hufanywa na mafundi wa bodi na maseremala wanaokarabati malori, pikapu na magari ya abiria. Kipande kimoja kisicholingana huonekana kutoka mbali, na kinaweza kushusha thamani ya gari lililotunzwa vizuri.

Historia

Magari ya mwanzo yalikuwa na fremu za mbao. Baadaye chuma kilichukua nafasi yake, ingawa Morris Minor Traveller ya Uingereza (1953–1971) iliendelea kuwa na fremu ya mbao halisi upande wa nyuma. Nchini Marekani wanunuzi walipenda bado sura ya mbao, hivyo viwanda vilibandika stika zenye picha ya mbao juu ya chuma. Mifano maarufu ni Ford Country Squire na Jeep Wagoneer. Katika miaka ya 1970 hata baadhi ya pikapu za Ford na Chevrolet zilikuwa na ukanda wa namna hiyo.

Katika Afrika ya Mashariki malori mengi yaliingizwa yakiwa na kichwa na chasisi tu, na bodi ya mbao ilijengwa na maseremala wa hapa. Kwa hiyo katika miji ya nyanda za kati kama Dodoma na Singida, fundi anaweza kukutana na aina zote mbili: stika ya kiwandani na mbao halisi.

Kutambua kipande cha asili

Hatua ya kwanza ni kujua kipande kimetengenezwa kwa nini. Kwenye mbao halisi mistari huendelea hadi ukingoni. Vinia ni tabaka jembamba la mbao lililogundishwa juu ya kitu kingine, na tabaka hilo huonekana kwa pembeni. Stika na plastiki huwa na picha iliyochapwa: kwa kioo cha kukuzia huonekana nukta za wino, na picha ileile hujirudia baada ya umbali fulani.

Kuchagua rangi

Jua hubadilisha rangi ya mbao, vanishi na wino. Rangi ya asili hupatikana mahali palipofichika, kwa mfano chini ya nembo, nyuma ya kitasa au chini ya ukanda wa chuma. Hapo fundi huamua mambo mawili. Akibadilisha vipande vyote, hufuata rangi ya kiwandani. Akibadilisha kimoja tu, hufuata rangi iliyopauka ya majirani zake, la sivyo kipande kipya kitaonekana kama kiraka.

Sampuli hutazamwa juani, kivulini na chini ya taa, kwa sababu rangi mbili zinazofanana katika mwanga mmoja zinaweza kutofautiana katika mwingine. Rangi hupimwa kwanza kwenye kipande cha mabaki, kikiwa kimepigwa msasa na kupakwa tabaka zote za vanishi. Mbao kavu haionyeshi rangi yake ya mwisho.

Mistari

Ubao uliopasuliwa kuelekea kiini cha gogo huwa na mistari iliyonyooka, na uliopasuliwa kandokando huwa na mistari ya matao. Ubao wa mti uleule ukipasuliwa tofauti hautalingana. Kwenye gari, mistari hulala kwa urefu wa gari na huvuka pengo la mlango bila kukatika. Kwa hiyo vipande vya upande mmoja hukatwa kwa kufuatana kutoka ubao au stika moja.

Mazingira ya Dodoma

Dodoma iko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100 na ina majira marefu ya kiangazi, takriban Mei hadi Novemba. Mbao iliyoletwa kutoka eneo lenye unyevu hupungua na kupasuka ikikatwa mara moja, hivyo huachwa karakanani ikauke kwanza. Mninga (Pterocarpus angolensis), unaokua katika misitu ya miombo, hupendwa kwa sababu hupungua kidogo sana unapokauka. Rangi yake hutofautiana kutoka kahawia ya dhahabu hadi nyekundu, kwa hiyo mbao huchaguliwa moja moja.

Vumbi huganda kwenye vanishi mbichi. Ni bora kupaka asubuhi kabla ya upepo, baada ya kumwagia sakafu maji. Stika hubandikwa kivulini, kwani kwenye chuma chenye joto kali gundi hushika kabla stika haijanyooshwa.

Sheria na uhifadhi

Uvunaji na usafirishaji wa mbao nchini Tanzania huhitaji vibali. Mwaka 2022 mikongo na mininga ya Afrika, yaani jenasi Afzelia na Pterocarpus, iliingizwa katika Kiambatisho cha II cha mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini. Kwa sababu hiyo mbao kuukuu kutoka milango, makabati na bodi za malori mabovu zina manufaa ya pekee: zimekwisha kukauka, na rangi yake imeshakomaa kama ile ya gari linalokarabatiwa.