Utando Unaokinga Mapanga ya Turbini za Gesi

Jiko la mkaa lililoenea nchini Kenya tangu miaka ya 1980, na baadaye katika nchi za jirani, lina sehemu mbili: gamba la nje la bati, na ndani yake bakuli la udongo uliochomwa. Udongo haupitishi joto upesi. Kwa hiyo bati haliungui mapema, na joto jingi zaidi huelekea kwenye sufuria. Lakini kila mpishi anaijua ila ya jiko hilo. Likiwashwa na kupoa mara nyingi, udongo hupata nyufa na hatimaye hubanduka.

Ndani ya injini ya ndege ya abiria mna kinga ya namna hiyo hiyo, ila moto wake ni mkali zaidi na hasara ya kushindwa ni kubwa zaidi. Huko metali hufanya kazi katika gesi yenye joto linaloweza kuiyeyusha. Miongoni mwa mambo yanayoiwezesha kudumu ni utando usiozidi unene wa ukucha wa mtu. Makala haya yanaeleza jinsi utando huo unavyofanya kazi, na kwa nini hatimaye huchakaa.

Kwa nini joto kali linahitajika

Turbini ya gesi hufanya kazi kwa hatua tatu. Kwanza, kompresa huvuta hewa na kuishindilia. Pili, hewa hiyo huingia katika chumba cha mwako, ambamo mafuta au gesi asilia huchomwa. Tatu, gesi ya moto hutanuka na kupita kwa kasi katika safu za mapanga, ikiyazungusha. Mapanga hayo huizungusha kompresa, na nguvu inayosalia huisukuma ndege au huendesha jenereta ya umeme.

Frank Whittle wa Uingereza aliijaribu injini yake ya kwanza mwaka 1937. Mwaka 1939 ndege ya He 178, yenye injini ya Hans von Ohain, iliruka nchini Ujerumani. Tangu siku hizo wahandisi wamejitahidi kuongeza joto la gesi inayoingia katika turbini, kwa sababu kadiri gesi inavyokuwa moto zaidi, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya nishati ya mafuta inavyoweza kugeuzwa kuwa kazi. Leo, katika injini kubwa, joto hilo hupita nyuzi 1,500 za Sentigredi. Nikeli, iliyo metali kuu ya mapanga hayo, huyeyuka kwenye nyuzi 1,455, na aloi zake nyingi huanza kuyeyuka kabla ya kufika hapo.

Wala panga halipati taabu ya moto peke yake. Chukua mfano wa panga lenye gramu 200, lililo umbali wa sentimita 30 kutoka katikati ya mhimili, nalo linazunguka mara 12,000 kwa dakika, yaani mara 200 kwa sekunde. Kwa kanuni F = mω²r, mwanafunzi ataona kwamba kani inayohitajika kulishikilia ni takriban nyutoni 95,000, sawa na uzito wa karibu tani 10. Metali iliyo moto sana ikivutwa kwa kani kama hiyo hurefuka kidogo kidogo, saa baada ya saa. Panga likirefuka mno hugusa ukuta wa injini. Likikatika, vipande vyake huharibu mapanga mengine.

Kinga ya kwanza ni hewa. Sehemu ya hewa iliyoshindiliwa hupitishwa katika njia nyembamba zilizo ndani ya panga, kisha hutoka kwa matundu madogo na kutandaa juu ya uso wake. Lakini hewa inayotumika kupozea ni hewa iliyopunguzwa katika kazi ya injini. Haiwezi kuongezwa bila kikomo. Hapo ndipo utando unapohitajika.

Kutu inayolinda

Metali ya panga hukabiliwa na joto, na pia na oksijeni. Katika nyuzi 1,000 hakuna njia ya kuizuia oksijeni isiungane na metali iliyo wazi. Linalowezekana ni kuchagua aina ya kutu itakayoota.

Kutu ya chuma ni legevu. Humeguka na kuacha chuma kipya wazi, nacho huliwa vile vile mpaka kiishe. Sufuria ya alumini haiharibiki hivyo. Uso wake hufunikwa mara moja na ngozi nyembamba ya oksidi ya alumini, iitwayo alumina. Ngozi hiyo hushikamana na metali na kuizuia oksijeni isipite kwa urahisi. Hukua polepole sana, hata katika joto kali, na kwa sababu hiyo hulinda.

Wataalamu waliitumia sifa hiyo kulinda mapanga ya turbini. Katika njia iliyoenea miaka ya 1950 na 1960, mapanga hufukiwa ndani ya sanduku lenye unga wa alumini, unga wa alumina na kiasi kidogo cha kloridi ya amonia, kisha sanduku hupashwa joto la zaidi ya nyuzi 800 kwa saa kadhaa. Kloridi huungana na alumini na kuifanya isafiri kama gesi hadi kwenye uso wa panga, na huko atomi za alumini huungana na nikeli. Hufanyika tabaka lenye unene wa takriban milimita 0.05, ambalo ni ghala la alumini. Ngozi ya alumina ikimeguka mahali fulani, alumini kutoka ghalani huungana na oksijeni na kuliziba pengo.

Baadaye zikatengenezwa tando zinazopakwa juu ya panga badala ya kupenyezwa ndani yake. Hizo huwa na nikeli au kobalti, pamoja na kromi, alumini na itriamu. Kiasi cha itriamu ni kama chumvi katika mchuzi: ni takriban sehemu moja kwa mia au pungufu, lakini huisaidia sana ngozi ya alumina kushikamana na metali iliyo chini yake.

Kauri juu ya metali

Tando za metali huzuia ulikaji, lakini hazizuii joto. Kazi hiyo hufanywa na kauri, na iliyochaguliwa ni zirkonia, yaani oksidi ya zirkoni. Sababu ni tatu. Kwanza, huyeyuka katika joto la karibu nyuzi 2,700. Pili, ikiwa na vinyweleo ndani yake, hupitisha chini ya sehemu moja ya kumi ya joto linalopitishwa na aloi ya nikeli yenye unene ule ule. Tatu, hutanuka zaidi kuliko kauri nyingine nyingi, na kwa hiyo haiachani mno na metali. Hata hivyo tofauti ipo. Kipande cha aloi chenye urefu wa sentimita 10 kikipashwa nyuzi 1,000 hurefuka kwa karibu milimita 1.5; cha zirkonia, kwa karibu milimita 1 tu.

Zirkonia tupu haifai. Fuwele zake hubadilika umbo katika joto la karibu nyuzi 1,000 hadi 1,200, na wakati wa kupoa mabadiliko hayo huzitanua ghafla kwa sehemu 4 hadi 5 kwa mia. Kauri hupasuka. Dawa yake ni kuchanganya itria, yaani oksidi ya itriamu, ambayo huzizuia fuwele zisibadilike. Mtu angeweza kudhani kwamba itria ikizidi, utando utadumu zaidi. Majaribio ya Stephan Stecura katika kituo cha utafiti cha Lewis cha NASA, jijini Cleveland, Marekani, katika miaka ya 1970, yalionyesha sivyo. Tando zenye itria ya sehemu 6 hadi 8 kwa mia kwa uzito zilidumu kuliko zile zenye itria nyingi zaidi. Kipimo cha namna hiyo kinatumika hata leo.

Zirkonia ina ila nyingine isiyoonekana kwa macho: katika joto kali oksijeni hupita ndani yake kwa urahisi. Kwa hiyo haipakwi peke yake. Juu ya aloi huwekwa kwanza utando wa metali wenye alumini. Juu yake huota ngozi ya alumina. Na juu ya ngozi hiyo hukaa zirkonia. Kauri hupunguza joto, alumina huzuia oksijeni, na utando wa metali huilisha alumina.

Zirkonia yenye unene wa robo ya milimita huweza kupunguza joto la metali kwa nyuzi 100 au zaidi, lakini kwa sharti moja: panga lazima lipozwe kwa hewa kutoka ndani. Utando haupozi kitu. Hupunguza tu mwendo wa joto. Kama hakuna hewa inayoliondoa joto kwa upande wa pili, metali nayo itakuwa moto kama gesi, hata utando uwe mnene namna gani.

Namna ya kupaka

Ziko njia mbili kuu. Katika njia ya kwanza, gesi hupitishwa katika umeme mpaka inakuwa plazima yenye joto la zaidi ya nyuzi 10,000. Unga wa zirkonia hurushwa humo, huyeyuka, na matone yake hupiga uso wa metali na kubapa kama udongo uliotupwa ukutani. Tabaka linalopatikana lina vinyweleo vingi, navyo huzuia joto vizuri.

Katika njia ya pili, panga huwekwa katika chumba kilichoondolewa hewa karibu yote, na mwale wa elektroni huigeuza zirkonia kuwa mvuke. Mvuke huo huganda juu ya panga kwa umbo la nguzo nyembamba zilizosimama karibu karibu kama mabua shambani. Metali inapotanuka, nafasi kati ya nguzo huongezeka kidogo na kauri haipasuki. Njia hii ni ghali, lakini ndiyo inayofaa zaidi kwa mapanga ya ndege yanayozunguka.

Maadui wa utando

Kila ndege inaporuka na kutua, tabaka zote hupashwa moto na kupoa. Wakati huo huo ngozi ya alumina inaendelea kukua. Inapofikia unene wa sehemu chache za elfu za milimita, mkazo wakati wa kupoa huwa mkubwa, nyufa hutokea chini ya kauri, na kauri hubanduka. Kwa hiyo ngozi ile ile inayolinda panga ndiyo inayopunguza maisha ya utando.

Chumvi ni adui wa pili. Hewa ya pwani ina chumvi ya bahari, nayo ikikutana na salfa iliyomo katika mafuta hufanya salfeti ya sodiamu. Salfeti hiyo ikiyeyuka juu ya panga huila ngozi ya alumina. Mafuta mazito yenye vanadi huleta madhara ya namna nyingine, kwa kuiondoa itria katika zirkonia.

Adui wa tatu ni vumbi. Tarehe 24 Juni 1982, ndege ya Boeing 747 ya British Airways iliingia usiku katika wingu la majivu ya volkano Galunggung, kisiwani Java. Injini zote nne zilizimika. Ndege iliposhuka na kutoka katika wingu, injini ziliwashwa tena, ikatua salama Jakarta. Majivu yalikuwa yameyeyuka katika chumba cha mwako na kuganda kama kioo ndani ya turbini. Tatizo la siku hiyo lilikuwa kuziba kwa njia ya hewa, wala si utando. Lakini majivu, na pia vumbi la jangwani kama la nchi za Ghuba, yakiyeyuka katika joto la karibu nyuzi 1,200 huingia katika vinyweleo vya zirkonia kama nta katika kitambaa. Yakiganda, huziba zile nafasi zilizoachwa ili kauri ipate kutanuka, na utando humeguka. Kwa hiyo kila joto la injini linapoongezwa, vumbi lililokuwa likipita bila madhara huanza kuyeyuka. Tando mpya zenye gadolini hujibu tatizo hili kwa kuungana na kioo hicho na kukigandisha kabla hakijapenya ndani.

Mambo haya hayahusu ndege peke yake. Tangu mwaka 2004 gesi asilia ya Songo Songo imetumika kuzalisha umeme kwa turbini huko Ubungo, Dar es Salaam. Katika kituo cha Kinyerezi II, jijini humo, joto la moshi wa turbini za gesi hutumika tena kufanya mvuke wa kuzalisha umeme zaidi. Mtambo wa namna hii unaposimamishwa kwa ukaguzi, mafundi hutazama ndani kwa kamera nyembamba ili kuona kama utando umebanduka. Panga lililopoteza utando mapema huweza kusafishwa na kupakwa upya. Likiachwa mpaka aloi yenyewe imeliwa, hutupwa, na jipya hununuliwa kwa bei kubwa.

Jaribio la darasani

Mwalimu akishike kipande cha waya wa alumini kwa koleo na kukiweka katika mwali wa jiko la Bunsen, juu ya sinia yenye mchanga mkavu, macho yakiwa yamekingwa. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, na ncha ya waya italegea na kuning'inia. Lakini haitadondoka upesi kama nta. Ngozi ya alumina, inayoyeyuka karibu nyuzi 2,050, huibeba alumini iliyoyeyuka kama mfuko.

Maswali ya kujadili

1. Kasi ya panga ikiongezwa maradufu, kani inayolishikilia inaongezeka mara ngapi?
2. Kwa nini udongo wa jiko la mkaa hupasuka zaidi jiko likimwagiwa maji lingali moto?
3. Panga limepakwa zirkonia, lakini njia zake za hewa zimeziba. Je, utando utaliokoa? Toa sababu.