Mzazi akila kiapo, mtoto naye huwa raia

Familia nyingi za Kikongo zilizohamia Marekani kutoka kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, hufika mwaka wa tano zikiwa na swali moja: baba au mama akipata uraia, watoto waombe vipi? Jibu ni kwamba mtoto aliye chini ya miaka 18 haombi. Fomu N-400, ya kuomba uraia wa tajnisi, haimhusu. Hafanyi mtihani wa Kiingereza wala wa historia, wala hali kiapo. Sheria yenyewe humfanya raia.

Sheria hiyo ilipitishwa mwaka 2000 na kuanza kutumika Februari 27, 2001. Zamani, kwa kawaida wazazi wote wawili walitakiwa wawe raia. Sasa mmoja anatosha. Inatakiwa mtoto awe hajatimiza miaka 18, awe na grini kadi, na awe anaishi Marekani na mzazi huyo aliye raia, ambaye pia ana haki ya kisheria ya kumlea. Sharti lipi limetangulia si hoja. Siku yote yanapotimia, mtoto ni raia, hata kama hakuna ofisa aliyeandika lolote.

Tuchukue mfano wa mama anayekula kiapo, huku binti yake wa miaka 12 na mwanawe wa miaka 17 wameketi nyuma ukumbini. Akimaliza kutamka maneno ya kiapo, wote watatu ni raia, ingawa cheti atakachokabidhiwa kina jina lake peke yake. Lakini kama kijana alitimiza miaka 18 jana yake, uraia wa mama haumgusi. Itabidi ajaze N-400 yake, alipe ada, afanye mtihani na achunguzwe mwenendo. Akiwa na kesi, huenda akanyimwa, na makosa mengine humfanya mwenye grini kadi arudishwe alikotoka.

Hapo ndipo tarehe ya kuzaliwa inapokuwa na uzito. Wakimbizi wengi wameandikiwa Januari 1 kwa sababu siku halisi haikujulikana. Mtoto aliyezaliwa Oktoba akaandikiwa Januari 1 ya mwaka huohuo ameongezewa miezi tisa, na umri utakaohesabiwa ni ule ulio kwenye karatasi.

Wapo pia watoto wanaoachwa nje. Mtoto wa kambo hapati uraia kupitia mzazi wa kambo mpaka aasiliwe kisheria, kwa kawaida kabla ya miaka 16. Baba ambaye hakufunga ndoa na mama wa mtoto ataulizwa uthibitisho kwamba sheria inamtambua mtoto huyo kuwa wake. Aliyebaki Uvira au Bujumbura bado hajatimiza sharti la kuishi Marekani. Lakini akiingia kwa viza ya uhamiaji kabla ya miaka 18 ili aishi na mzazi aliye raia, anakuwa raia siku anayoingia.

Ofisini na chuoni, hata hivyo, mtu huombwa karatasi. Njia ya haraka ni kumwombea mtoto pasipoti ya Marekani: peleka cheti cha uraia cha mzazi, grini kadi ya mtoto, cheti chake cha kuzaliwa na uthibitisho kwamba mnaishi pamoja, kama kumbukumbu za shule. Fomu N-600 huleta cheti cha uraia cha mtoto mwenyewe. Ada yake ni kubwa zaidi, ila cheti hicho hakiishi muda, tofauti na pasipoti.

Mzazi anaruhusiwa kuwasilisha N-400 siku 90 kabla ya kutimiza miaka mitano ya ukaazi, na kwa mkimbizi miaka hiyo huhesabiwa tangu siku aliyoingia nchini. Mwenye kijana wa miaka 16 au 17 asiipoteze hata moja kati ya siku hizo 90, kwani kinachohesabiwa ni siku ya kiapo, si siku ya kutuma fomu.