Simba twawadai, mafuvu je?

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa hivi, nyanya yangu alinikataza kunyoosha kidole kuelekea jabali moja lililo juu ya shamba letu katika milima ya Taita. Chini ya jabali lile, alisema, wamo wenyewe. Hakusema mizimu wala mizuka. Alisema "wenyewe", kwa sauti ile ile aliyoitumia kuwataja majirani waliotukopesha mbegu. Miaka mingi baadaye, nikiwa mtu mzima mwenye miwani na kazi mjini Voi, nilipanda hadi pale. Nilikuta vigae vya chungu, kinyesi cha popo na vumbi. Wenyewe hawakuwapo.

Nimelikumbuka jabali hilo hivi karibuni baada ya kuwasikia vijana wa hapa Voi wakibishana juu ya vipindi vya Wazungu wanaokesha katika majumba makuukuu, wakiwa na vyombo vya kupimia baridi na kunasia sauti, ati wanawinda mizuka. Vijana hao hudhani huo ni mchezo mpya. La hasha! Kazi hiyo ina umri mkubwa kuliko reli yetu, na waasisi wake hawakuwa wahuni. Mwaka 1882 iliundwa mjini London jumuiya ya uchunguzi wa mambo ya roho, na rais wake wa kwanza alikuwa Henry Sidgwick, mwalimu wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Yeye na wenzake waliwauliza watu wapatao 17,000 iwapo wamewahi, wakiwa macho na timamu, kumwona au kumsikia mtu asiyekuwapo. Taarifa yao ya mwaka 1894 ilionyesha kuwa takriban mmoja katika kila kumi alijibu ndiyo. Walidai tarehe, walidai mashahidi, na waliwaumbua waganga wa uongo wengi tu. Kwa hakika nawaheshimu. Swali lao lilikuwa moja: Je, yupo kweli?

Kwetu swali hilo halikuulizwa. Mtu alipougua, au mvua ilipogoma, mpiga ramli hakutafuta kujua kama wazee waliokufa wapo. Alitafuta kujua ni nani kati yao aliyekasirika, na kwa sababu gani. Mzee wa Kitaita, mume au mke, alizikwa kwanza, kisha baada ya muda fuvu lake likafukuliwa na kupangwa pamoja na ya jamaa zake katika pango la ukoo. Hapo ndipo watoto wake walipokwenda na pombe kuzungumza naye. Kulikuwa pia na kutasa, yaani kupuliza pombe au maji ya muwa kutoka kinywani huku mtu akitamka mema, ili hasira iliyo moyoni itoke. Mtaalamu Mmarekani, Grace Harris, aliyeishi milimani pamoja na mumewe Alfred kati ya 1950 na 1952, aliyaeleza hayo katika kitabu alichokichapisha mwaka 1978.

Bibi huyo ndiye pia aliyeandika, mwaka 1957, juu ya saka, pepo aliyewapanda wanawake wa Kitaita. Mke wa mtu angeona motokaa ikipita, au kusikia kiberiti kikiwashwa, na papo hapo mabega yakaanza kutikisika asijijue. Pepo alitaka sukari, alitaka sigara, alitaka nguo, na aghalabu mume ndiye aliyelazimika kuvitafuta. Kisha ikapigwa ngoma, na mgonjwa akacheza akiwa amevaa mavazi yenye sura ya kiume. Harris hakupoteza muda kupima kama pepo yupo. Aliona kwamba vitu ambavyo pepo alivitaka vilikuwa vile vile ambavyo fedha na safari za wanaume zilivileta, na ambavyo mwanamke hakuwa na njia yake mwenyewe ya kuvipata. (Nyanya yangu, nilipomdokezea jambo hili, alicheka sana akaniomba sukari.)

Lakini ukimwambia mgeni habari za mizuka ya Taita Taveta, atakutajia simba wa Tsavo. Mwaka 1898, wakati daraja la reli lilipokuwa likijengwa kwenye mto huo, mwendo wa kilomita zipatazo 50 kutoka Voi, simba wawili wasio na manyoya ya shingo waliwanyakua vibarua usiku, mahemani mwao. Vibarua walishikilia kuwa hao si wanyama bali roho za machifu wawili waliokwisha kufa, waliochukizwa na reli kupita katika nchi yao. Luteni Kanali J. H. Patterson hakuuliza machifu hao walikuwa nani wala wanataka nini. Alipanda juu ya kilingo na bunduki, na mwezi Desemba akawaua wote wawili. Mnamo 1924 aliziuza ngozi na mafuvu yao kwa makumbusho ya Chicago kwa dola 5,000. Sayansi haikuwaacha hata huko. Patterson alipata kudai kwamba waliliwa watu 135. Uchunguzi wa mifupa na manyoya uliotolewa mwaka 2009 ulikisia 35 tu, na mwaka 2024 chembechembe za nywele zilizokwama menoni zilithibitisha kuwa mle mlikuwamo binadamu, twiga na pundamilia. Filamu ya mwaka 1996 iliwaita simba hao mzuka na giza. Kila baada ya muda husikika sauti za Wakenya wakidai warejeshwe nyumbani, nami naziunga mkono.

Ila nauliza: mbona sisikii sauti kama hizo kwa ajili ya wale waliokuwa mapangoni?

Maana hawakuyeyuka. Mmisionari J. A. Wray alifika Sagalla mwaka 1883, na kadiri dini mpya ilivyoenea, ndivyo mapango yalivyokosa wa kuyahudumia. Kisha katika ukoloni wakaja wenye rula. Mwaka 1931 jarida la Biometrika lilichapisha uchunguzi wa mafuvu kutoka Koloni ya Kenya, yakiwamo ya Wataita. Baadaye Profesa W. W. Howells wa Harvard aliyapima mafuvu 83 ya Wataita, kila moja vipimo zaidi ya 50, na kuyatia katika kitabu chake cha mwaka 1973. Orodha yake ya namba imetumiwa duniani kote. Mwanafunzi wa mbali anaweza kujua upana wa paji la uso la mzee wa Dawida asijue jina lake wala pango lake. Na mafuvu hayo 83 Howells aliyapimia wapi? Cambridge, mji ule ule ambako Sidgwick na rafiki zake walihangaika usiku na mchana kutafuta dalili moja ya kuaminika kwamba wafu hawako mbali.

Sisemi kwamba wa jabali letu wamo miongoni mwa hao 83. Huenda watoto waliwachezea, huenda Mkristo mmoja mwenye bidii aliwafukia. Hilo ndilo linaloniudhi, kwamba sina pa kuulizia. Nilipomsimulia mzee mmoja wa ukoo wetu habari za Cambridge, hakushangaa kwamba walichukuliwa. Alitaka kujua kama huko wamewekwa pamoja au wametenganishwa.

Serikali ya kaunti yetu ina idara ya utamaduni, na nchi ina Makavazi ya Taifa. Barua moja haina gharama kubwa. Kabla hata ya kuzungumzia kurudishwa, na iombwe orodha: mafuvu mangapi, yalichukuliwa mwaka gani, kutoka pango la kijiji gani, na nani aliyeruhusu. Ikipatikana, isomwe Wundanyi, isomwe Mwatate, isomwe na hapa Voi, ili anayelitambua pango la kwao ajitokeze.