Tembe la Kwihara na Maneno Yake

Karibu na mji wa Tabora, mahali paitwapo Kwihara, pana nyumba ijulikanayo kwa wengi kuwa Tembe la Livingstone. Ilijengwa upya mwaka 1957, ikafanywa makumbusho. Jina hilo, ingawa lavuta wageni, lapunguza habari ya nyumba. Livingstone alifika hapo pamoja na Stanley mwezi wa Februari 1872, akaondoka Agosti mwaka ule ule. Muda mwingi alikuwa akingoja wapagazi kutoka pwani. Nyumba yenyewe ilikuwa ya Waarabu waliofanya biashara Unyanyembe, na yeye alikuwa mgeni tu.

Neno tembe lafaa kutazamwa kwanza. Maana yake ni nyumba ya udongo yenye paa bapa: miti na fito hupangwa juu ya kuta, kisha hufunikwa kwa udongo. Ujenzi huu ni wa bara, wala haukuletwa na watu wa pwani. Waliukuta, wakautumia pamoja na jina lake.

Kadhalika maneno ya njia yenyewe. Mpagazi hutokana na kupagaa, yaani kuchukua mzigo. Kirangozi ndiye aliyetangulia msafara. Hongo ilikuwa ushuru alioutoza mtemi kwa msafara upitao nchini mwake. Leo maana yake ni rushwa. Msomaji asiyejua badiliko hili aweza kudhani kuwa watemi walikuwa wala rushwa, kumbe walitoza haki yao. Mirambo alipoifunga njia ya Ujiji mwaka 1871, haki hiyo ilikuwa miongoni mwa sababu za vita.

Mwaka 2006 Kwihara iliingizwa, pamoja na Bagamoyo, Ujiji na vituo vingine vya njia ya pembe na watumwa, katika orodha ya Tanzania ya mahali panapopendekezwa kuwa urithi wa dunia. Basi kutengeneza kuta peke yake hakutoshi. Watumwa waliopitishwa hapo hawakuacha jina mlangoni, wala wapagazi wa Kinyamwezi. Haina budi maelezo yaandikwe kwa Kiswahili na Kinyamwezi kabla ya lugha nyingine, na wazee wa Kwihara, na wa Usoke kwenye reli iendayo Kigoma, waulizwe maneno ya ujenzi na ya safari wangali hai. Ukuta ulioanguka hukandikwa tena. Neno lililokufa na mwenyewe halina fundi.