Upigaji Picha wa Michoro ya Miambani Mkoani Singida

Mahekalu ya Ġgantija nchini Malta yalijengwa na watu walioyapanga mawe makubwa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, ilhali mkoani Singida miamba mikubwa ya matale, yaani graniti, imepangwa na maumbile, na binadamu akaifanya kuwa makazi, mahali pa kuchora na, kwingineko, mahali pa matambiko. Michoro ya Singida ni jirani ya ile ya Kondoa, mkoani Dodoma, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, na ambayo mwanaakiolojia Mary Leakey aliinakili kwa mkono mwaka 1951. Anayenakili kwa mkono huchagua mstari wa kufuata, bali picha nzuri huhifadhi pia ufa, ukungu na doa ambavyo mtafiti wa baadaye atavihitaji.

Jambo la kwanza ni mwanga. Umbo la mwamba huonekana vyema asubuhi au jioni, jua linapoumulika kwa ubavu na kuacha vivuli katika kila mkunjo. Lakini rangi, hasa nyekundu itokanayo na udongo wenye oksidi ya chuma, huhitaji kivuli kilicho sawa pote, kwa kuwa jua likiangukia nusu ya ukuta, kamera hushindwa kuonyesha pande zote mbili kwa pamoja. Kamera huwekwa kwenye stendi ikiuelekea ukuta moja kwa moja, na kando ya mchoro huwekwa rula ya kipimo na kadi ya rangi, ambayo ni kipande chenye rangi zinazojulikana za kulinganishia.

Michoro iliyofifia isimwagiwe maji ili ing'ae, kwa maana maji huyeyusha chumvi iliyomo mwambani, nayo ikikauka huganda juu na kubandua rangi. Msaada salama ni programu ya DStretch ya Jon Harman, ambayo hutanua tofauti za rangi zisizotambulika kwa macho. Hata hivyo, kwa kuwa rangi inazotoa si halisi, picha ya awali lazima ihifadhiwe pamoja na ile iliyopitishwa katika programu.

Adabu ni sehemu ya utaalamu huo. Kibali cha Idara ya Mambo ya Kale hakiondoi wajibu wa kuwaomba ruhusa wazee wa kijiji, wala sadaka iliyowekwa pangoni haisogezwi ili picha ipendeze. Aidha, simu nyingi huandika ndani ya picha mahali ilipopigwa, taarifa inayopaswa kufutwa kabla ya kuisambaza, kwani huko Kondoa yamechimbwa mapango na watu wanaotafuta mali inayodaiwa kufichwa na Wajerumani.

Picha iliyopigwa hivyo, na kurudiwa baada ya miaka kadhaa kutoka pale pale, humwezesha mhifadhi kupima ni kiasi gani cha rangi kimepotea, na kuchukua hatua mchoro ungali ukutani.