Tatizo la kugawa dau

Tatizo la kugawa dau (kwa Kifaransa: *problème des partis*) ni swali la hisabati kuhusu mchezo wa bahati uliokatizwa kabla ya kumalizika: fedha zilizowekwa na wachezaji zigawanywe vipi ili mtu yeyote asipunjwe? Jibu lililotolewa na Blaise Pascal na Pierre de Fermat mwaka 1654 huhesabiwa kuwa mwanzo wa nadharia ya uwezekano. Kanuni yao hutumika hadi leo katika bima, na pia katika michezo ya karata kama poka.

Majibu ya awali

Mtawa Mfransisko na mwanahisabati Luca Pacioli wa Italia alilijadili swali hili katika kitabu *Summa de arithmetica*, kilichochapishwa Venisi mwaka 1494. Aliona kila upande upewe kulingana na pointi ulizokwisha kupata. Katika mchezo wa kufikia pointi 60, upande wenye 50 na upande wenye 20 wangegawana kwa uwiano wa 5 kwa 2.

Kasoro ya jibu hilo ilionyeshwa na Niccolò Tartaglia mwaka 1556. Mchezo ukikatizwa mapema, upande mmoja ukiwa na pointi 10 na mwingine haujapata kitu, wa kwanza utachukua dau lote ingawa ushindi bado uko mbali. Tartaglia alitoa kanuni yake, lakini alikiri kwamba suala lenyewe ni la kisheria kuliko la hesabu.

Barua za mwaka 1654

Pascal aliishi Paris, na Fermat alikuwa mwanasheria mjini Toulouse. Swali lilimfikia Pascal kupitia Antoine Gombaud, aliyejulikana kama Chevalier de Méré. Katika barua zao, wote wawili waliligeuza: cha kuhesabu si ushindi uliokwisha kupatikana, bali ule ambao bado unahitajika.

Tuseme A na B wameweka sarafu 32 kila mmoja, jumla 64, na wa kwanza kushinda raundi tatu huchukua zote. Nafasi zao katika kila raundi ni sawa. Mchezo unakatizwa A akiwa na raundi mbili na B moja. Kama wangeendelea, A akishinda raundi inayofuata angepata 64. Akishindwa, wangekuwa sawa na kila mmoja angestahili 32. Basi 32 ni za A kwa vyovyote. Zile 32 nyingine zinagombewa kwa nafasi sawa, hivyo hugawanywa nusu kwa nusu. A anapata 48 na B 16. Kwa kanuni ya Pacioli, A asingefikisha hata 43.

Kwa kurudi nyuma hivyohivyo, A anayeongoza 2 kwa 0 anastahili 56, na anayeongoza 1 kwa 0 anastahili 44.

Fermat alitumia njia ya kuorodhesha. A akiongoza 1 kwa 0, anahitaji raundi mbili na B tatu, kwa hiyo mshindi hupatikana katika raundi nne au pungufu. Raundi nne zina matokeo 16. A hushinda katika 11 na B katika 5. Sehemu ya 11/16 ya sarafu 64 ni 44, sawasawa na jibu la Pascal.

Mwanahisabati Roberval alipinga: kwa nini kuhesabu raundi nne, wakati mchezo unaweza kwisha baada ya mbili? Wanafunzi wengi hujikwaa hapohapo. Ukiishia pale mshindi anapopatikana, njia za mchezo ni 10, na A hushinda katika 6. Lakini njia hizo hazina uzito mmoja: A kushinda mara mbili mfululizo kuna nafasi 1 kati ya 4, ilhali mfuatano A, B, B, A una nafasi 1 kati ya 16 tu. Raundi za ziada hazibadilishi mshindi. Zinasawazisha uzito wa matokeo.

Mwaka 1657 Christiaan Huygens alichapisha kitabu kilichoeneza hesabu hii, ambayo sasa huitwa thamani tarajiwa.

Katika poka

Wachezaji wawili wakimaliza na karata za nguvu sawa, dau hugawanywa sawa, na hapo hakuna hesabu ngumu. Ugumu uko kabla ya karata ya mwisho. Katika poka ya Omaha high-low, nusu ya dau huenda kwa karata za juu zaidi na nusu kwa za chini zaidi, kama zipo zinazotimiza masharti.

Mchezaji anaona karata 8: nne zake na nne za mezani. Anahitaji shupaza moja tu ili kushinda upande wa juu, na zimebaki 9 kati ya karata 44 asizoziona. Ili kuendelea analipa 100, na dau litakuwa 600. Kama angechukua dau lote, thamani tarajiwa ingekuwa 600 × 9/44, yaani karibu 123, zaidi ya 100 anazolipa. Lakini mpinzani akiwa tayari amejihakikishia upande wa chini, kinachogombewa ni 300 tu. Thamani inashuka hadi karibu 61, na kulipa 100 ni hasara.