Kuona Kabla ya Kukata: Kutunza Uwazi wa Picha Wakati wa Kuondoa Uvimbe wa Utumbo Mpana kwa Endoskopi

Makala hii inafafanua namna daktari anavyotunza picha iliyo wazi anapoondoa uvimbe wa utumbo mpana kwa endoskopi, yaani bomba jembamba linalopindika, lenye kamera na taa kwenye ncha yake. Hoja yetu ni kwamba uwazi huo hautokani na kamera pekee. Hujengwa hatua kwa hatua, na hatua ya kwanza hufanyika nyumbani kwa mgonjwa.

Tuchukue mfano wa mkazi wa Kagugu, katika Wilaya ya Gasabo, jijini Kigali. Dawa ya kusafisha utumbo hunywewa kwa mafungu mawili: nusu jioni, nusu siku ya tiba yenyewe, muda wa saa 4 hadi 6 kabla. Fungu la pili likiachwa, mabaki ya kinyesi huufunika uvimbe. Kwa kuwa Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda tangu 2017, maelekezo haya yafaa kutolewa kwa Kiswahili chepesi pia, kando ya Kinyarwanda.

Hatua ya pili ni mkao. Damu na maji hutuama pahali pa chini. Mgonjwa akilazwa ili uvimbe uwe upande wa juu, dimbwi huhama, na utando uliokwisha kukatwa huning'inia na kukifungulia kisu njia.

Hatua ya tatu ni kuitangulia damu. Maji ya chumvi yenye rangi ya buluu hudungwa chini ya utando ili kuuinua. Mishipa huonekana ndani ya buluu hiyo, na ule mnene hubanwa kwa koleo na kuunguzwa kwa umeme kabla ya kukatwa.

Damu ikitoka hata hivyo, maji huchanganyika nayo na kuleta ukungu mwekundu. Mwaka 2016 Tomonori Yano na wenzake wa Japani walieleza matumizi ya jeli angavu: kwa uzito wake haichanganyiki upesi na damu, hivyo chanzo cha damu huonekana. Jeli hiyo isiwe na chumvi, kwani chumvi hupitisha umeme na kudhoofisha kazi ya koleo.

Ukuta wa utumbo mpana una unene wa milimita chache tu. Akatapo asipoona, daktari aweza kuutoboa, na mgonjwa aliyetaka kuepushwa na upasuaji akaishia kupasuliwa. Kwa hiyo kanuni ni moja: picha ikipotea, kisu kisimame.